Kipimo cha zinki kinapima nini hasa?

Kwenye vibanda vya "kupima mwili mzima" mtu hushikishwa kijiti cha chuma chenye waya unaoingia kwenye kompyuta, na baada ya dakika chache anapewa karatasi: kalsiamu iko chini, zinki iko chini, ini limechoka. Pembeni kuna anayeuza vidonge. Nyumbani ataambiwa na shangazi kwamba madoa meupe kwenye kucha ndiyo dalili ya kukosa zinki. Halafu zipo takwimu rasmi: utafiti wa kitaifa wa virutubishi uliofanyika Kenya mwaka 2011 ulikuta takribani watoto wadogo wanane katika kila kumi wana zinki pungufu kwenye damu. Mzazi akisoma hayo anamtazama mwanawe anayecheza uwanjani na kujiuliza kama naye yumo.

Karatasi ya kibanda ni ulaghai na madoa ya kucha ni dhana, lakini takwimu za Kenya ni kazi halali ya maabara. Hata hivyo, hata takwimu hizo hazimwambii mzazi kitu anachotaka kujua kuhusu mtoto wake. Kipimo bora cha zinki tulicho nacho kiliundwa kuhesabu umma, na kinapotumika kwa mtu mmoja kinapoteza nguvu nyingi. Sababu iko katika namna mwili unavyoishi na madini haya.

Tuanze na maneno. Zinki ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo, takribani miligramu 8 kwa siku kwa mwanamke na 11 kwa mwanamume kwa viwango vya Marekani. Mamia ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, haviwezi kufanya kazi bila zinki, na ndiyo maana upungufu wake hugusa vitu vingi visivyofanana: ukuaji, kinga, ngozi, uponaji wa vidonda, hata ladha ya chakula. Kiashiria cha kibiolojia ni kitu kinachopimika mwilini ili kukisia jambo lisiloonekana kwa macho. Hemoglobini ni kiashiria cha upungufu wa damu, na ferritini ni kiashiria cha akiba ya madini ya chuma. Tunaposema "hali ya zinki" tunauliza kama mwili una zinki ya kutosha kwa kazi zake zote. Plazma ni ile sehemu ya majimaji ya damu baada ya kuondoa seli, na seramu ni majimaji hayo hayo baada ya damu kuganda. Kwa zinki, tofauti ya plazma na seramu si kubwa, kwa hiyo nitaita zote plazma.

Mwili wa mtu mzima una zinki kati ya gramu 1.5 na 2.5. Karibu asilimia 60 iko kwenye misuli na asilimia 30 kwenye mifupa. Kwenye plazma yote ya mtu mzima kuna takribani miligramu 3 tu. Tena chuma kina akiba yake, na vitamini A inahifadhiwa kwenye ini, lakini zinki haina akiba maalumu ambayo mwili huichota siku za shida na ambayo maabara ingeweza kuipima. Hakuna ferritini ya zinki.

Kupima zinki ya plazma ni kama kukisia idadi ya watu wa Dar es Salaam kwa kuhesabu abiria waliomo kwenye daladala. Idadi ya abiria ina uhusiano fulani na idadi ya wakazi, ndiyo. Lakini saa kumi na mbili asubuhi si sawa na saa nane mchana, na siku ya mvua kubwa watu hubaki majumbani bila jiji kuwa limehamwa.

Jambo jingine ni kwamba mwili unajua kubana matumizi. Ukila zinki kidogo, utumbo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya ile iliyomo kwenye chakula, na kiasi kinachopotea kupitia kinyesi hupungua. Mtoto anaweza hata kupunguza kasi ya kurefuka ili zinki iliyopo itoshe. Muda wote huo plazma inaweza kuonekana salama. Majibu ya maabara hushuka waziwazi pale mbinu hizo zinapozidiwa.

Namba na masharti yake

Kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa lishe ya zinki, IZiNCG, kilitoa vikomo vya chini ambavyo nchi nyingi zinavitumia. Vilitokana na takwimu za afya za Marekani za mwaka 1976 hadi 1980, na vimepangwa kwa umri, jinsia, saa ya siku na kama mtu amekula. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10, kikomo ni mikrogramu 65 kwa desilita asubuhi na 57 mchana. Kwa mwanamke asiye mjamzito ni 70 asubuhi kabla ya kula, 66 asubuhi baada ya kula, na 59 mchana. Kwa mwanamume ni 74, 70 na 61. Mjamzito ana vikomo vyake, 56 katika miezi mitatu ya kwanza na 50 baada ya hapo, kwa sababu damu yake huongezeka maji na albumini, protini ya damu inayobeba zinki, hupungua. Maabara ikitoa majibu kwa mikromoli kwa lita, zidisha kwa 6.54 upate mikrogramu kwa desilita. Majibu ya 9.9, kwa mfano, ndiyo ile 65.

Chukua mtoto wa miaka minne mwenye majibu ya 63. Kama damu ilitolewa saa tatu asubuhi, amepungukiwa. Kama ilitolewa saa nane mchana, yuko juu ya kikomo. Mtoto ni yule yule na namba ni ile ile. Karatasi ya majibu isiyoandikwa saa ya kutolewa damu haina tafsiri, na nyingi nilizoziona hazina saa. Chakula nacho hufanya vivyo hivyo, kwani baada ya mlo zinki ya plazma hushuka kwa saa kadhaa. Aliyemeza kidonge cha zinki asubuhi atapanda, kilele kikija saa mbili hadi tatu baadaye, na majibu yake yatasifu kidonge hicho badala ya kueleza hali yake ya kawaida.

Ugonjwa ndio mvuruga mkubwa kuliko yote. Mwili unapopambana na malaria, nimonia au hata jipu, ini hupokea ishara ya kuvuta zinki kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli zake. Hii ndiyo siku ya mvua: abiria wametoweka barabarani, lakini wako mjini. Zinki ya plazma huweza kushuka sana bila mwili kupoteza hata miligramu moja. Ndiyo maana kipimo cha zinki kinatakiwa kiende pamoja na kipimo cha CRP, protini inayopanda haraka wakati wa maambukizi, na ikiwezekana AGP, inayopanda polepole na kukaa muda mrefu zaidi. CRP ikizidi miligramu 5 kwa lita au AGP ikizidi gramu 1 kwa lita, usiiamini zinki iliyo chini. Subiri mgonjwa apone, upime tena. Katika tafiti za umma kuna hesabu za kurekebisha athari hiyo, ila haziwezi kumrekebisha mtu mmoja kitandani.

Albumini ni sababu nyingine. Takribani asilimia 80 ya zinki ya plazma husafiri ikiwa imeshikamana na albumini, basi mgonjwa wa ini au mwenye utapiamlo mkali atakuwa na zinki ndogo kwa sababu tu vyombo vya kuibeba vimepungua. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huishusha kidogo.

Damu inavyoharibika kabla ya kufika kwenye mashine

Mashine zenyewe za maabara za kupima madini, za ufyonzaji wa atomi au zile ziitwazo ICP, ni sahihi vya kutosha zikisimamiwa vizuri. Makosa mengi hutokea mapema zaidi, mikononi mwa wachukua sampuli, kwa sababu zinki iko kila mahali. Mabati ya nyumba hupakwa zinki. Plasta za kubandika kidonda na losheni ya kalamini huwa na oksidi ya zinki. Mpira wa vifuniko vya tyubu za kawaida hutoa zinki, na unga wa glavu pia unayo. Tyubu ya kawaida ya maabara inaweza kumpa mtu zinki ambayo hana.

Kwa hiyo tumia tyubu maalumu za madini, ambazo mara nyingi huwa na kifuniko cha bluu iliyokolea. Usizichanganye na zile za bluu hafifu za kupima kuganda kwa damu, maana zile zina sitrati. Sitrati na EDTA, kemikali za kuzuia damu isigande, hazifai hapa. Kama unataka plazma, tumia heparini, kizuia kuganda kingine, iliyothibitishwa kuwa haina zinki. Vaa glavu zisizo na unga. Safisha ngozi na uiache ikauke. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja, kwa sababu maji huchujika kutoka kwenye mshipa na protini zinazobeba zinki hubaki zimekolea. Andika saa, andika mlo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, andika kama kuna homa au kuhara.

Kisha muda unaanza kukimbia. Seli nyekundu zina zinki takribani mara kumi ya plazma, na zikipasuka au kukaa muda mrefu zinamwaga zinki yake kwenye majimaji unayotaka kuyapima. Damu izungushwe kwenye sentrifuji na kutenganishwa ndani ya dakika 30 hadi 40. Kama uko kijijini bila umeme, iweke tyubu kwenye boksi lenye vipande vya barafu mara tu baada ya kuijaza, bila kuigusanisha na barafu ikaganda, na uitenganishe siku hiyo hiyo. Ukiona majimaji yana rangi ya waridi au nyekundu, seli zimepasuka. Tupa, chukua upya. Ukishatenganisha vizuri kazi imekuwa rahisi, kwa kuwa zinki ni elementi, haiozi. Ikigandishwa kwenye kichupa kilichofungwa vizuri isikauke, inadumu muda mrefu.

Jambo la kuudhi ni kwamba karibu makosa yote haya ya uchafuzi hupandisha namba. Maabara isiyo makini itamwambia mgonjwa aliyepungukiwa kweli kwamba yuko sawa.

Kwa nini umma unapimika na mtu mmoja hapimiki

Ukipima watoto elfu moja asubuhi kwa utaratibu mmoja, tofauti za huyu aliyechelewa kula na yule mwenye mafua hufidiana kwa kiasi kikubwa, na wastani unasema ukweli. Ndiyo maana katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2007 WHO, UNICEF, shirika la nishati ya atomiki IAEA na IZiNCG walikubaliana kwamba nchi itumie zinki ya plazma pamoja na viashiria viwili vya nje ya maabara: ulaji wa zinki kwenye chakula na udumavu wa watoto. Zaidi ya asilimia 20 ya watu wakiwa chini ya kikomo, hilo ni tatizo la afya ya jamii. Udumavu ukizidi asilimia 20 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hatari ya upungufu wa zinki inahesabiwa kuwa kubwa. Tanzania ilikuwa asilimia 30 katika utafiti wa mwaka 2022; Kenya, mwaka huo huo, asilimia 18. Udumavu una sababu nyingi, kwa hiyo hautoshi peke yake.

Tukirudi kwenye watoto wanane katika kumi wa Kenya: takwimu hiyo inasema kwamba chakula cha taifa kina tatizo, wala haisemi kwamba wanane kati ya kila kumi ni wagonjwa wa kupelekwa hospitali. Tatizo lenyewe linafahamika. Mahindi na maharage yana fitati, kitu kinachoishika zinki tumboni isifyonzwe. Kuloweka, kuchipusha na kuchachusha nafaka hupunguza fitati, na ndiyo faida moja ya uji uliochachushwa. Nyama, dagaa na chaza huleta zinki isiyoshikwa hivyo.

Kuna mtego hapa ambao hata wapanga sera huuangukia. Watu wakipewa vidonge vya zinki, plazma hupanda kwa uhakika ndani ya siku chache na kushuka wakiacha. Wakipewa zinki hiyo kupitia unga ulioongezwa virutubishi, mara nyingi plazma haitikisiki. Mtu anaweza kukata tamaa na kusema unga haufanyi kazi, kumbe kipimo ndicho kisichoona mabadiliko madogo ya kila siku. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha hivyo: wanaume waliopandishwa kutoka miligramu 6 hadi 10 kwa siku walipata nafuu kwenye uharibifu wa DNA ya seli zao nyeupe, huku zinki ya plazma ikibaki pale pale.

Nywele, mkojo na vingine

Nywele zinavutia kwa sababu hazihitaji sindano na zinaeleza miezi iliyopita badala ya asubuhi ya leo. Nywele hurefuka karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita mbili zilizo karibu na kichwa ni habari za miezi miwili. Chini ya mikrogramu 70 kwa gramu kwa mtoto huchukuliwa kama ishara ya upungufu wa muda mrefu. Ila shampuu nyingi za mba zina zinki, na kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali nywele zenyewe huacha kukua, hivyo zinki kidogo inayofika hukolea na namba hudanganya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta nywele, mkojo na plazma ndivyo vinavyoitikia nyongeza ya zinki kwa watu wenye afya, lakini kuitikia vidonge si sawa na kutambua nani amepungukiwa.

Mkojo hutoa takribani nusu miligramu kwa siku, na hupungua upungufu ukiwa mkali. Mgonjwa wa kisukari hupoteza zaidi ya kawaida hata akiwa na zinki kidogo mwilini, kwa hiyo kwake kipimo hiki kinatoa picha ya kinyume. Alkalaini fosfatasi ni kimeng'enya kinachohitaji zinki na kinaweza kushuka, lakini kwa mtoto anayekua mifupa hukipandisha, na ugonjwa wa ini vilevile. Zinki ndani ya seli nyekundu haibadiliki upesi. Ni seli za miezi minne. Watafiti wana njia nzuri zaidi, ya kumpa mtu zinki yenye isotopu (aina za atomi za zinki zenye uzito tofauti kidogo) zisizo na mionzi kama 67, 68 au 70 na kufuatilia inavyochanganyika na ile sehemu ya zinki inayobadilishana na plazma ndani ya siku mbili hivi. Ni ghali na haitafika kwenye zahanati.

Kipimo cha kuonja kinauzwa sana: unatiwa tone la maji ya salfeti ya zinki mdomoni, usipohisi ladha unaambiwa huna zinki. Mafua, umri na ulichokula kabla vyote hubadilisha ladha, na ushahidi wa kipimo hicho ni dhaifu. Madoa meupe ya kucha mara nyingi hutokana na kugongwa kidogo kwenye mzizi wa kucha wiki kadhaa nyuma, na huondoka kucha ikikua. Na ile mashine ya kushika kijiti haichukui damu, mkojo wala unywele. Chuma cha kushika kiganjani hakiwezi kuhesabu atomi za zinki. Ukitaka kuijaribu, mpe mtu mmoja aishike mara tatu mfululizo akiandikisha umri na uzito tofauti kila mara, ulinganishe karatasi.

Nani apimwe, na nani apewe bila kupimwa

Mtoto anayeharisha hapimwi zinki. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walipendekeza apewe pamoja na ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kumpima ni kupoteza muda, kwa sababu anapoteza zinki kwenye choo, ana maambukizi yanayovuruga plazma, na majibu yangefika kuhara kumeshaisha. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam na Delhi, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuta dozi za miligramu 5 na 10 zilifanya kazi isiyopungua ile ya 20, tena kwa kutapika kidogo. Fuata dozi unayopewa kituoni.

Kipimo cha plazma kina maana kwa mtu ambaye daktari tayari ana sababu ya kumshuku: mtoto mchanga mwenye vipele vikali kuzunguka mdomo na makalio visivyopona, mgonjwa wa kuhara kwa miezi, wa ini, wa seli mundu, au anayelishwa kwa mshipa. Hapo majibu yaliyo chini sana, CRP ikiwa ya kawaida, yana uzito. Hata hivyo uthibitisho mara nyingi hutokana na tiba: mgonjwa anapewa zinki, na vipele vya kurithi vinavyotokana na hitilafu ya kufyonza zinki huanza kupona ndani ya siku chache.

Aliyekwisha kujinunulia vidonge na kuvimeza kwa miezi mingi ana swali jingine kabisa. Kikomo cha juu cha siku kwa mtu mzima, kwa viwango hivyo hivyo vya Marekani, ni miligramu 40, chakula na vidonge kwa pamoja, na zipo chupa zenye miligramu 50 kwa kidonge kimoja. Zinki nyingi huzuia utumbo kufyonza shaba. Mtu wa namna hiyo akianza kupungukiwa damu kusikotibika kwa vidonge vya chuma, seli nyeupe zikishuka, au miguu ikifa ganzi, amwambie daktari kuhusu vidonge vyake, na madini ya kupimwa kwenye damu yake ni zinki pamoja na shaba.